Aliyelelewa Husema Akishakua

Picha ya mtoto anayelelewa na wasio wazazi wake mkoani Arusha hutegemea mlango uliobisha. Bisha kwenye makao ya watoto, nayo yako mengi kuanzia Njiro na Moshono hadi Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, utaonyeshwa mtoto aliyeokolewa: alifika amedhoofu, leo ana sare safi, Kiingereza cha kumkaribishia mgeni na ndoto ya kuwa daktari. Kaa barazani na majirani, utasimuliwa mtoto mwingine kabisa, aliyechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, utasomewa wa tatu: ameunganishwa na familia, taratibu zimekamilika, jalada limefungwa. Picha hizi zinapogongana, mjadala wetu hukimbilia swali moja, kwamba kipi ni bora, kituo au familia. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani anasimulia, na anasimulia lini. Picha zote tatu zaweza kuwa za kweli kwa mtoto fulani, na bado hakuna hata moja inayotosha kuwa ushahidi, kwa kuwa kila moja imechorwa na mtu mzima mwenye haja yake, wakati mtoto mwenyewe bado anategemea sahani ya mtu. Ushahidi wa aliyelelewa huchelewa. Mfumo wowote wa malezi usiojua kuungoja na kuupokea utaendelea kuongozwa na picha.

Chukua kisa kinachojulikana dunia nzima. Kwa miaka mingi Mo Farah, mkimbiaji aliyeiletea Uingereza dhahabu za mita 5,000 na 10,000 huko London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016, alijulikana kama mtoto wa Kisomali aliyeingia Uingereza na wazazi wake wakiwa wakimbizi. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 39, alieleza katika filamu ya BBC kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, kwamba baba yake aliuawa Somalia yeye akiwa na miaka minne, na kwamba alipokuwa na miaka tisa hivi alipelekwa Uingereza na mwanamke asiye ndugu yake, kwa hati zenye jina la mtoto mwingine, akiwa ameambiwa anakwenda kwa jamaa. Alikofikia aligeuzwa mtumishi wa nyumba na mlezi wa watoto wa wenyewe. Aliyemfungulia njia ni mwalimu wake wa michezo, aliyemsikiliza na kufikisha habari ustawi wa jamii, naye akahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali iliyomlea kwa upendo. Maisha ya mtu mmoja, basi, yanabeba nyumba ya mateso na nyumba ya malezi mema kwa pamoja. La kutazama zaidi ni muda. Shuleni alithubutu kutoa sehemu ya ukweli. Ukweli mzima ulihitaji karibu miaka thelathini, uraia na jina ambalo hakuna wa kumnyang'anya. Ikiwa bingwa wa Olimpiki alihitaji muda huo wote, tunategemea jibu gani kutoka kwa binti wa miaka 11 wa King'ori anayeulizwa, mama mlezi akiwa ameketi pembeni, kama anaishi vizuri?

Kisa cha pili kinagusa majalada, ambayo watu wa ofisini huyaamini kuliko maneno. Mshairi Lemn Sissay alizaliwa Uingereza mwaka 1967 na mama Mhabeshi aliyekwenda kusoma. Maafisa walimkabidhi kwa familia ya Kizungu ya walokole huko Lancashire, akapewa jina la Norman, na alipofika miaka 12 familia hiyo ikamrudisha kwa mamlaka. Miaka iliyobaki ya utoto aliimalizia kwenye makao. Aliliomba jalada lake kwa miaka mingi, akalipata mwaka 2015, na mwaka 2019 akachapisha kitabu kinachoweka kurasa za jalada hilo kando ya kumbukumbu zake. Ndani ya jalada kulikuwa na barua ya mama aliyekuwa akimtaka mwanawe arudi. Kwa miaka yote ile mtoto aliaminishwa kwamba hatakiwi, huku karatasi za serikali yenyewe zikisema kinyume. Jalada halikudanganya; lilifungwa tu, na mwenye maisha yake hakuwa na ufunguo. Sina ushahidi kwamba maafisa wetu ni wabaya kuliko wale waliomshughulikia Sissay, wala sidhani. Nasema tu kwamba jalada lililoandikwa na mtu mmoja na kusomwa na mtu huyohuyo halina tofauti na hadithi.

Wala tusidhani mambo haya ni ya ughaibuni. Miteremko ya Meru ilishashuhudia ugomvi mkubwa wa kimataifa juu ya watoto wa kulelewa, miaka zaidi ya sabini iliyopita. Mwaka 1942 Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Asia ya Kati walianza kufika Tanganyika kupitia Uajemi. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, ikawa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, pamoja na makao ya mayatima. Kambi zilipokuwa zikifungwa, mwaka 1949, kundi la watoto na vijana zaidi ya mia moja liliondolewa Tengeru likapitishwa Italia na Ujerumani hadi Kanada, wakiongozwa na Padri Lucjan Królikowski, Mfransisko aliyekuwa akiwalea kambini. Kanisa lilisema limewaokoa wasirudishwe chini ya ukomunisti. Serikali ya Warszawa ilisema watoto wake wametekwa nyara, ikalifikisha suala hilo hata Umoja wa Mataifa. Wote wawili waliyaongelea maisha ya watoto walewale, kila mmoja kwa faida ya vita vyake baridi. Watoto wenyewe walikuja kueleza baadaye, wakiwa watu wazima wenye familia zao huko Kanada, na masimulizi yao hayakukaa sawasawa upande wowote: kulikuwa na shukrani kwa padri, uchungu wa wazazi waliozikwa njiani, na kumbukumbu njema za Tengeru, mahali ambapo pande zote mbili zilipahesabu kuwa kituo cha kupita tu.

Tukirudi kwenye Arusha ya leo, picha ya mtoto aliyeokolewa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoingiza fedha. Jiji hili ni lango la Serengeti na Ngorongoro. Mgeni anayetua Kilimanjaro kwa ajili ya wanyama hupita Usa River kabla hajaiona hoteli yake, na siku moja ya kutembelea watoto yatima huingia kwenye ratiba kati ya mlima na mbuga. Makao yana historia ya kweli. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Ukimwi uliondoa wazazi kwa kasi ambayo ukoo haukuweza kuibeba, na waliofungua milango wakati ule walifanya kazi ambayo hatuna haki ya kuidharau. Lakini dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, kwa hiyo sababu mbili kubwa za kumpeleka mtoto kituoni zimepungua uzito. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba duniani kote, watoto wasiopungua wanne kati ya watano walioko kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya utalii na ujitoleaji kwenye makao ya watoto. Hakuna haja ya kumtafuta mwongo hapa. Ombi la mchango linahitaji mtoto asiye na mtu, na mtoto mwenye bibi huko Ngarenanyuki anayemtamani kila Jumapili haingii vizuri kwenye ombi hilo. Bibi huachwa nje ya picha, na akishaachwa nje mara nyingi za kutosha, huachwa nje ya maisha pia.

Picha ya barazani nayo ina mizizi mirefu, hata kwenye fasihi yetu. Ken Walibora katika Siku Njema, riwaya ya 1996, alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akiwa yatima na kumvusha mpaka hadi Kenya akimtafuta baba. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, anamweka Yusufu mikononi mwa tajiri anayemwita mjomba, kumbe mtoto ni rehani ya deni la baba yake. Msomaji wa Afrika Mashariki haulizi hilo linawezekanaje. Anaijua nyumba hiyo. Kwenye miteremko ya Meru kuna la ziada: ardhi ni haba, na kumchukua mtoto wa marehemu kunaweza kuwa ndiyo njia ya kushika na kihamba, yaani shamba, cha marehemu, kwa wema au kwa ubaya. Bado picha hii ina upungufu wake, nao ni kwamba wema hausimuliwi. Shangazi aliyelea watoto wanne wa kaka yake pamoja na wake sita, akawagawia sawa, hana hadithi kijijini, kwa sababu alifanya lililotarajiwa. Majirani hukumbuka nyumba iliyonuka. Ndiyo maana mtu akitaka kupinga malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia isiyo ya wazazi wake, hakosi mfano hata siku moja, na anayetaka kuyatetea hubaki na methali.

Kuna kipimo kimoja cha kitaifa kinachoonyesha ukimya huu ulivyo mpana. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao, bila jina na bila mlezi kuwapo. Karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na takribani nusu ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Wahojiwa hao walitoka katika familia za kila aina, nyingi zikiwa za wazazi wenyewe. Kama mtoto aliye kwa mama yake hunyamaza kiasi hicho, anayejua kwamba akisema atahamishwa kwa mara ya tatu atanyamaza zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelala humo hasemi mpaka ahame.

Sheria yenyewe haina ubaya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo, na kanuni zake za 2012 zinaeleza nani afae kuwa mlezi, afisa ustawi amkague vipi na amtembelee vipi baada ya hapo. Wapo pia walezi wa kuaminika, kaya zilizoandaliwa kumpokea kwa muda mtoto aliyeokotwa mtaani au aliyeondolewa kwenye hatari. Kilichopo kwenye karatasi kinapungua njiani kuelekea kata. Afisa mmoja anabeba kesi za matunzo, migogoro ya ndoa, wazee, walemavu na mahakama ya watoto, na kutoka makao makuu ya Meru hadi vijiji vya upande wa kaskazini wa mlima ni safari ya mafuta ambayo fungu lake huisha mapema. Kwa hiyo anachoandika afisa ni siku ya kukabidhi, ambayo kila mtu amevaa vizuri. Baada ya hapo taarifa hutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mlezi mwenyewe kwa simu. Picha ya tatu, ya jalada lililofungwa, imezaliwa hapo, na sioni kosa la mtu binafsi ndani yake.

Sasa atasimama msomaji makini na kusema: tuna tafiti, hatuna haja ya kungoja watoto wakue. Na atakuwa na hoja, maana utafiti unaosumbua pande zote ulifanyika jirani. Kathryn Whetten na wenzake walilinganisha watoto yatima na waliotelekezwa wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano, Tanzania ikiwakilishwa na mkoa wa Kilimanjaro: zaidi ya 1,300 walioko kwenye makao na zaidi ya 1,400 walioko kwenye jamii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalisema watoto wa makao hawakuwa na hali mbaya zaidi kiafya, kiakili wala kihisia, na kwa jumla walikuwa afadhali kuliko wenzao waliolelewa na mtu asiye mzazi wao. Wenye makao waliupokea utafiti huo kwa furaha. Upande wa pili hutaja Bucharest, Romania, ambako kuanzia mwaka 2000 watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi waligawanywa kwa kura, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi ya kambo. Waliokwenda kwenye familia, hasa kabla ya kufika miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili. Mtu aweza kuchagua utafiti kama anavyochagua picha. Lakini soma kilicholinganishwa. Familia za Bucharest zilifunzwa, zililipwa na zilitembelewa na maafisa kila mara. Kaya za Kilimanjaro zilikuwa kaya za kawaida, zikibeba mzigo peke yake, na watafiti wenyewe walisema aina ya mahali ilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti kati ya mtoto na mtoto. Umri nao haukuwa mmoja: kule vichanga, huku watoto wa shule. Utafiti mwingine uliofanyika kwenye makao ya hapahapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioingia wakiwa wachanga, hadi miaka minne, walipata mateso zaidi ndani ya makao kuliko walioingia wakubwa. Lilijulikanaje? Watoto walihojiwa, na waliowahoji hawakuwa walezi wao.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu. Watu wazima husahau, hutia chumvi, na wenye uchungu ndio hupaza sauti. Aliyelelewa vizuri yuko kazini kwake, hana habari na mahojiano. Ni kweli, na dawa yake ni kuwauliza wengi, wala si kutomuuliza yeyote. Makao hujua kuwatafuta waliofaulu ili wasimame kwenye sherehe ya kutimiza miaka ishirini. Njia hiyohiyo yaweza kuwafikia na wale walioacha shule kidato cha pili wakaingia kwenye bodaboda au stendi ya Kilombero. Wapo pia watakaosema kwamba kumuuliza aliyelelewa kama alilelewa vizuri ni kumfundisha utovu wa shukrani, na hili katika malezi yetu si neno dogo. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha hufundishwa kutomsema aliyempa chakula, na adabu hiyo ina uzuri wake. Ila mwenye kudai shukrani ni yuleyule aliyempa chakula, na jambo hilo peke yake linatosha kumwondoa kwenye chumba cha mahojiano.

Na kama ushahidi unachelewa, leo tufanye nini? Yapo ya kufanya yasiyo na gharama ya kutisha. Afisa anayemtembelea mtoto azungumze naye peke yake, nje ya boma, na aandike maneno ya mtoto kando na maoni yake. Kijana anapotimiza miaka 18 apewe nakala ya jalada lake, lenye majina ya watu wake na sababu ya yeye kuondolewa nyumbani. Makao yanayofungwa yakabidhi majalada halmashauri kabla ya kukabidhi vitanda. Kijana aulizwe anapoondoka, na aulizwe tena baada ya miaka michache, na mtu asiyekuwa sehemu ya waliomlea. Chuo cha maendeleo ya jamii kiko palepale Tengeru, na wanafunzi wake huhitaji mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Kuhusu fedha, mfadhili anayemlipia mtoto kitanda kituoni anaweza kuombwa amlipie bibi kiasi hichohicho, akikubali kwamba hatapigwa naye picha. Wengi watakataa mwanzoni. Baadhi hawatakataa, kwa kuwa watu waliochoka kuambiwa nusu ya habari wapo hata huko Ulaya.

Nchi jirani zimeshaanza kuwarudisha watoto kwenye familia. Rwanda ilianza mwaka 2012, ikihesabu taasisi 33 zenye watoto zaidi ya 3,300, kisha ikajenga mtandao wa watu wa kujitolea vijijini wa kuzifuatilia kaya. Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka kwenye taasisi kwenda kwenye familia. Mtoto aliyerudishwa nyumbani Kenya mwaka 2022 akiwa na miaka minane atatimiza 18 mwaka uleule mkakati unapofika mwisho. Kama kuna aliyeandika jina lake na kijiji alichokwenda, ataweza kuulizwa. Watoto wa umri wake wako pia kwenye majalada ya Halmashauri ya Meru na ya Jiji la Arusha, na kuyatunza majalada hayo hakuhitaji kungoja mkakati wa taifa.